Muuza Maua wa Villa Crespo

Mimi muuza maua. Vifo vya mtaa huu
huvijua kabla ya kengele.
Wakatoliki wenzangu huagiza mayungiyungi,
Waarmenia mawaridi mekundu, kwa hesabu ya shufwa.
Wayahudi wa ghorofa ya tatu,
miaka kumi na tisa, hawakununua hata jani.
Nilidhani ni ubahili.
Nilidhani, na niliwahi kusema.

Alipofariki Leizer, fundi wa saa,
nilifunga mayungiyungi, nikapanda ngazi.
Mlango ulikuwa wazi. Hodi yangu
ikaning'inia, haina wa kuipokea.
Fruma alikaa kwenye kigoda, kola imechanwa,
vioo vimefunikwa shuka kama watu wenye haya.
Kwetu pole hutangulia miguu;
kwao mgeni hangojewi aseme,
yeye ndiye humngoja mfiwa.
Pole yangu ikayeyuka mdomoni kama peremende.
Binti yao, Mirta, akapokea maua kwa mikono miwili,
akayatia ndooni, jikoni,
kando ya mayai ya kuchemsha.

Wazee wawili walikuwa wakibishana.
Ndiyo, matangani! Kidole juu ya ukurasa,
sheria ya nini sijui, labda ya mshumaa.
Kanisani kwangu padri akisema, tunaitika amina.
Hapa mmoja akisema, wa pili anavuta kiti,
na kitabu chenyewe, nilichungulia,
kina maneno katikati na ugomvi pembezoni.

Jua likazama. Wakahesabu wanaume: tisa.
Wakanitazama, wakatazama saa.
Mimi niliyecheza karata na Leizer kila Jumanne
sikuhesabika.
Iliniuma? Kidogo. Kama mwiba wa waridi:
damu haba, lakini unakumbuka kidole kipi.
Nikashuka mbio, nikagonga kwa Gedalia mfamasia.
"Wamepungukiwa na mmoja," nikamwambia.
Akaja na koti lake jeupe, bado linanuka spiriti.
Wa kumi alikuwa yeye;
mbio zilikuwa zangu.

Wakasimama. Mirta akanitafsiria kwa mnong'ono,
nami nikalisubiri neno kifo.
Halikuja. Sala nzima ya wafiwa
inamsifu Mungu, mauti haiyataji,
kana kwamba mgeni huyo naye
hasemeshwi kwanza.

Siku thelathini zikapita. Ijumaa, saa tisa alasiri,
Fruma akaingia dukani,
akachagua mawaridi ya njano.
"Ya makaburini?" nikauliza, mjinga asiyepona.
"Leizer nimempelekea jiwe," akasema.
"Halinyauki, wala haliombi maji.
Haya ni ya meza yangu, Sabato inaingia.
Maua, Ottavio, ni ya wanaokula."

Kisha akadai punguzo.
Tukabishana vizuri.