Sarafu ya Lifti

Lifti ya jengo letu, hapa Gldani, Tbilisi, haipandi bure.
Ndani mna kisanduku cha chuma chenye mdomo mwembamba;
ukikilisha tetri kumi kinaguna, kinatafakari,
kisha kinakupandisha.
Usipokilisha, una miguu.

Tekla anakaa ya tisa. Mimi ni wa chumba cha pili,
mshika maikrofoni wake, mshika taa, mshika mlango,
mshahara wangu maharage na mkate wa moto.
Leo ana kamera bega la kushoto, stendi bega la kulia,
na mkononi ndoo ya sufu iliyotiwa rangi ya mizizi,
ikichuruzika wekundu ukumbini
kama ya mtu aliyechinja akasahau alichochinja.
Anapapasa mifuko. Kifungo. Risiti. Kadi ya kumbukumbu.
Sarafu, hamna.
Ananitazama. Mimi natazama ngazi.

Mama yake, Lamara, hupiga simu kutoka Zestaponi
kila Jumapili, baada ya kanisa, kabla ya chakula:
"Mshika mbili moja humponyoka, Tekla, na wewe umeshika tatu."
"Basi nitabaki na mbili, mama."
Akicheka hivyo namjua: kodi haijalipwa.

Kwa maana harusi za Jumamosi ndizo zinazolisha.
Anajua shangazi yupi hufumba mdomo kuficha pengo,
anajua kumsubiri mpaka asahau.
Bwana harusi wa Septemba alilipa nusu;
nusu iliyobaki ni ya wiki ijayo,
na wiki ijayo ina miezi minne sasa.
Sapatu za sufu huwauzia watalii penye daraja la mitumba,
huzikanda usiku bafuni, maji ya moto, sabuni, viganja,
mpaka nyuzi zipatane zenyewe kwa zenyewe.
Simu yake haimtambui tena kidole gumba.
Sabuni imemfuta alama.
"Mimi si mimi," huiambia, akiandika namba ya siri.

Na filamu? Filamu hailishi, filamu ndiyo inayokula.
Dakika kumi na moja, majira mawili ya baridi,
habari za Zhuzhuna, mwenye funguo za visanduku,
apitaye jengo hadi jengo kila Alhamisi
akivikamua, akizihesabu sarafu
juu ya goti, bila miwani, kwa uzito tu.
Ina mwanzo. Ina katikati ndefu mno, nimeshamwambia.
Mwisho haina.

Milango ikafunguka. Kumbe leo Alhamisi.
Zhuzhuna ndani, na gunia lake dogo, na koti la mvua
siku isiyo na wingu.
Akaitazama ndoo, akautazama mchirizi, akatutazama sisi.
"Ingieni."
Akatumbukiza mkono guniani, akatoa tetri kumi,
akakilisha kisanduku alichotoka kukikamua.
"Nitaichukua Alhamisi."

Ndio huo. Nilimwona Tekla akiuona:
mwisho wake, umesimama mbele yake umevaa koti la mvua,
na kamera imefungwa zipu, na ndoo imeukatalia mkono,
na mikono ni miwili tu, hata ya fundi.
Ghorofa ya nne ndipo alipopata sauti:
"Zhuzhuna, tafadhali, mara moja tena? Nitakulipa."
"Mara ya pili ni maigizo," akasema Zhuzhuna,
akashukia ya saba.

Usiku hakuhariri. Hakulia pia, kama mngependa kujua.
Alikaa bafuni akiikanda ile sufu, polepole,
akinisimulia tukio nililoliona mwenyewe,
kila mara likitokea tofauti kidogo:
sarafu inang'aa zaidi; Zhuzhuna anatabasamu; hatabasamu.

Asubuhi, juu ya bomba la joto, nilikuta
jozi tatu za sapatu nyekundu zikikauka,
na moja isiyo na mwenzake, ya kushoto.
Ndani yake tetri kumi.
Sikuuliza ni za nani.
Niliteremka kwa ngazi.