Bomba la Saa Tisa

Maji ya Tabata hutoka Jumanne, saa tisa usiku,
yakijisikia.
Miaka sita sikuyajua hayo.
Nilijua tu kwamba asubuhi pipa limejaa,
kama nilivyojua kwamba mwanangu ana sare safi
na mshahara umeingia.
Nani aliyelijaza, sikuuliza.

Mwezi wa sita, tukifunga mwaka wa hesabu,
nilianguka kwenye lifti ya jengo letu la Posta,
kati ya ghorofa ya saba na ya nane.
Sikuanguka kishujaa.
Niliteleza ukutani taratibu, kama koti lililokosa msumari,
faili kifuani, kiatu kimoja kimenivuka,
na neno la kwanza nilipofumbua macho
lilikuwa: "Kikao kimeshaanza?"

Muuguzi alinifunga mkanda wa presha,
akasoma, akanyamaza, akahamia mkono wa pili.
"Dada Tumpale, unafanya kazi gani?"
Mkaguzi wa hesabu.
"Haya, kagua na hii," akanigeuzia mashine.
Sijawahi kupitisha tarakimu kama zile.

Wiki tatu, daktari akaandika. Pumzika.
Namna ya kupumzika hakuandika.
Methali naijua, haraka haraka haina baraka:
niliipatia alama zote darasa la saba,
nikakunja karatasi,
nikawa wa kwanza kutoka nje.

Siku ya kwanza nilipanga upya kabati la vyombo.
Siku ya pili nikatengeneza ratiba ya kupumzika,
kwa rangi, nusu saa nusu saa.
Siku ya tatu nikachelewa ratiba hiyo,
nikalia jikoni,
na hapakuwa na kitunguu.

Ndipo ikaja Jumanne.
Nilikuwa macho, kama kawaida yangu,
nikasikia bomba likikohoa uani.
Sekela, binti anayenisaidia, ameshajifunga kanga.
Nikamwambia, kalale. Akanitazama kama nimemfukuza kazi.
Nikavaa ndara zake, nikatoka.

Kwanza hewa. Kisha matone yenye kutu.
Kisha uzi wa maji,
mwembamba kama wa kushonea vifungo.
Nikafungua koki mpaka mwisho. Uzi uleule.
Nikaligonga bomba kwa kiganja. Uzi uleule.
Nikapima kwa simu: ndoo moja, dakika kumi na moja,
pipa ni ndoo kumi;
nikazidisha, nikaiona alfajiri,
nikapandwa na hasira
kana kwamba jiji zima limekaa kunichelewesha mimi.

Ng'ambo ya ukuta, Mama Sikudhani
alikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, anajikuna mguu.
"Leo yana nguvu," akasema.
Nikadhani ananitania.
"Wiki jana yalikuwa yanadondoka tu."
Nikacheka, na kicheko kikaniuma mbavuni,
pale mahali ambapo hapajatumika siku nyingi.

Nikapindua ndoo, nikakaa.
Malori yalikuwa yakibadili gia huko Barabara ya Mandela,
mbu mmoja ananizungukia sikio,
feni ya mtu inagonga kitu, inagonga, inagonga.
Ambakisye akatoka akinitafuta, macho nusu,
akajipakata mwenyewe mapajani mwangu:
mzito, mzito kuliko nilivyomwandika vitabuni.
Lini ameongezeka hivi?
Miguu yake inagusa chini.

Jumatatu narudi Posta. Sijui itakuwaje.
Bosi amenitumia ujumbe mara tatu;
wa tatu ni alama ya kuuliza peke yake.
Sijajibu. Sijasema sitajibu.
Ndoo ya saba inakaribia shingoni,
mtoto amelala, mkono wangu umekufa ganzi chini yake,
na kwa ule mkono mwingine, Mama Sikudhani akigeuka kidogo,
nimejaribu tena koki.

Uzi uleule.