Jina Kitabuni: Makumbusho ya Sayansi, Wete

Mdhamini kaja leo, kavaa koti la shani,
Ataka kauri hiyo, iliyo mwetu chuponi,
Tunu kwa mkwe wa cheo, Jumamosi harusini.
Nikamwambia: "Si hivyo, tia jina kitabuni."

Akacheka: "Wewe Mize! Mimi si wa kuandika.
Feni hizi, niulize, ni nani alozipeka?
Moja tu uipoteze, nani atayekumbuka?"
Sikutaka nimjuze jasho lilivyonitoka.

Usiku, Limbani kwangu, kisanduku nikavuta:
Kijiwe kile cha fungu, kazini nilichopata.
Miaka tisa, si changu; namba ingali yanata.
Kitabuni kwanza langu jina, ndipo nitamwita.