Hali ya Mchezo

Tuliileta kwa baiskeli mbili,
Shembilu mbele, mimi nyuma,
boksi limesimama katikati kama bwana harusi asiyejua njia,
kwa maana limeandikwa ubavuni: lisilazwe.
Hadi tunafika Barabara ya Kumi na Mbili
Ngamiani nzima imeshauliza inchi ngapi.
Sabini na tano. Sabini na tano.
"Bibi yenu anafungua banda la mpira?"

Bibi Mwantumu hapendi mpira.
Bibi anashona kofia.
Miaka arobaini na mitatu ya viua,
vitundu vidogo kuliko punje ya uwele,
hadi mwaka jana uzi mweupe ukazama kwenye kitambaa cheupe
usionekane tena ulikotokea.
Bombo wakamwambia: dawa hii itazuia, haitarudisha.
Akatoka pale akaulizia bei ya kioo kikubwa kuliko vyote.
Upatu ulikuwa zamu yake mwezi ule.

Ukuta ulitushinda.
Chokaa ya zamani, ukitia keekee inakutemea unga;
skrubu ziliingia kama kijiko kwenye uji
na kutoka vilevile.
Tukaisimamisha kwa miguu yake juu ya kasha la nguo.
Shembilu akaweka pima maji, povu likatulia katikati.
Bibi akasema, "Mimi nikishona napinda shingo kushoto.
Na yeye apinde."
Tukachomeka kibao chini ya mguu mmoja.

Kitabu cha maelekezo: kaa hatua nne.
Bibi akavuta kigoda, akakaa moja.

Kamera tuliifunga kwenye nguzo ya feni mbovu,
ikachungulia mikono yake kwa juu,
waya ukaingia tundu la pili.
Kwanza, Hakuna Mawimbi,
maneno yakizurura kioo kizima kama mgeni anayetafuta choo.
Halafu kitundu.
Kimoja tu, kipana kama ungo,
na mle ndani sindano, nene kama mtaimbo,
na dole gumba lake, Mola wangu, mistari yake yote,
safu kwa safu, shamba la mkonge.

Bibi hakusema kitu. Akachoma.
Akajichoma.
"Hii inanionyesha sindano ya zamani," alisema, akinyonya damu.
"Mkono umeshafika, picha bado inavaa viatu."

Kweli, ilikuwa ikichelewa,
kiasi cha kupepesa jicho,
kioo kikijipamba kwanza, kikilainisha, kikikoleza rangi,
kabla ya kutoka mbele za watu.
Nikaingia kwenye mipangilio. Mwangaza. Ukali. Sinema.
Nikazima urembo mmoja baada ya mwingine
mpaka nikakuta, chini kabisa, Hali ya Mchezo,
waliyowawekea vijana wanaopigana kwa vidole.
"Bibi, hapa inawahi. Ila inaitwa mchezo."
"Kofia moja siku ishirini na mbili," akanijibu.
"Wewe washa. Jina nitalisamehe."

Sindano ya mkononi na ya kiooni zikaenda pamoja.
Watoto wa jirani wakajaa mlangoni kutazama mpira
wakakuta kitundu, wakakitazama hichohicho,
mmoja akapiga makofi uzi ulipovuka.

Saa kumi umeme ukakatika.
Kioo kikawa sinia jeusi, na ndani yake sisi, wadogo.
Mikono haikusimama.
Kitundu kikafungwa, kingine kikaanza,
naye akatamka, kwa sauti ya kazi, bila kuinua uso:

Jicho likinikimbia, kidole hakijahama;
uzi nitausikia, hata taa ikizima.

Shembilu akanitupia jicho: basi tumebeba ya nini?

Bibi akakata uzi kwa meno.
"Kusikia nasikia, tangu ujana.
Lakini leo ndiyo mara ya kwanza naiona kazi yangu
kama anavyoiona Aliyeniumba.
Kile kitundu cha tatu kimepinda.
Umeme ukirudi, nakifumua."