Milimita kwa Siku

Saa kumi na moja alfajiri, Mulago bado imejifunika ukungu.
Nafungua kabati la joto: nyuzi thelathini na saba,
joto la kwapa la mtoto asiye na homa.

Seli za neva za panya nilizipanda juzi
juu ya kipande cha silikoni nilichokipiga matuta,
membamba hivi kwamba unywele mmoja
ungelalia ishirini.
Mgongoni mwa kila tuta nimegonga protini
kwa muhuri wa mpira, kama karani wa wilaya.

Kwenye kioo kitupu zilikuwa zikitambaa ovyo,
kila moja ikiuliza njia, isijibiwe.
Hapa zinanyoosha mkono,
zinapapasa,
zinafuata.

Baba angeelewa upesi kuliko wakaguzi wa ufadhili.
Kule Soroti alilima kwa maksai wawili wekundu;
tuta la kwanza likipinda, husema, shamba zima limepinda.
Kisha siku ya upepo bati likachomoka paani,
likamkata kiwiko upande wa ndani.
Jeraha lilifunga mdomo. Mkono haukufungua wake.
Kidole kidogo na jirani yake
hushika kikombe cha chai, huungua,
na habari haifiki.

"Neva hukua kiasi gani?" aliniuliza kwenye simu.
"Milimita moja kwa siku, papa. Ikipata njia."
Akanyamaza. Nikajua anapima
toka kiwiko mpaka ukucha.
"Ah. Mhogo nao hukaa ardhini muda huo."

Sikumwambia kwamba miaka sita ni mingi,
kwamba mkono wake si silikoni,
kwamba matuta yangu, Amongin mwanawe,
hayajavuka bado kutoka kwa panya.

Usiku umeme ulikatika mara mbili.
Jenereta ikakohoa, ikashika.
Sasa naweka jicho kwenye hadubini:
safu zimenyooka, zote,
ila tuta la tisa.
Hapo seli moja imeuacha mstari,
imeruka mfereji,
imemgusa jirani aliyekuwa peke yake.

Dakta Kyomuhendo atasema: ondoa hiyo, inaharibu wastani.

Naandika kwa kalamu ya risasi:
*tuta la tisa, moja, imepinda.*
Siifuti.
Hata baba, akifika kwenye kichuguu,
aliwazungusha maksai taratibu,
akarudi mstarini
bila kumwomba mtu radhi.