Nyuzi Hamsini na Tatu

Saa nane usiku, Chikongola, Desemba,
skrini imegeuka buluu tena,
dakika ya themanini na tisa, nikiwa naongoza.
Fakihi kule Masasi ananiandikia: umekimbia?
Sijakimbia. Mashine ndiyo iliyonikimbia.

Niliiunda mwenyewe kwa malipo ya mnada wa tatu,
magunia saba ya korosho za mama,
na ahadi kwamba nitaandikia humo hesabu za shamba.
Kasha lilishuka na basi la Dar juu ya magodoro,
vijiti viwili vya kumbukumbu ndani ya soksi.
Kiwanda kilisema: megahezi elfu tatu na mia mbili.
Mimi nikasema: elfu tatu na mia sita.
Nani alinituma?

Kwanza nikashuku umeme. Hapa kila kitu tunashuku umeme;
gesi inatoka Msimbati palepale, na taa bado hutukonyeza.
Nikashuku kijiti cha kushoto,
nikakichomoa, nikakisugua meno yake ya dhahabu
kwa ufutio wa mtoto wa jirani, nikakirudisha.
Nikaongeza volti, chembe tu,
kama mtu anayetia chumvi kwenye mboga iliyoungua.
Ikawaka. Nikacheka. Ikazimika.

Kisha jaribio la usiku kucha:
iandike moja, isome moja,
iandike sifuri, isome sifuri,
mara bilioni, bila mimi.
Nusu saa, hakuna kosa.
Dakika ya arobaini na moja, kosa moja.
Halafu mia mbili na sita.

Nilidhani kumbukumbu ikizidiwa husahau.
Haisahau.
Inakujibu upesi, uso mkavu,
jambo ambalo hukuwahi kuiambia.
Nami jana tu nilimwambia mama: inafanya kazi vizuri sana.

Somoe, mdogo wangu, analala upande wa pili wa pazia,
na megahezi hajui ni mdudu gani.
Asubuhi, mswaki mdomoni:
"Hiyo inakufa ukifunga mlango tu.
Jumapili uliposahau kuufunga
ilinguruma mpaka adhana."

Huwa nafunga ili mama asisikie.

Nikaweka kiganja mbele ya kasha,
pale penye kioo cheusi na feni tatu
zinazozungusha rangi za ukumbi wa harusi.
Hakuna pumzi. Feni tatu zinavuta kioo.
Nyuma yake vumbi limelowa moshi
wa maganda ya korosho anayochoma Bi Nampota,
jeusi, la mafuta, linanata kama kesi.
Nilinunua taa. Hewa sikuinunua.

Kipimo kiliponiambia nilikuwa nimeshajua:
kijiti cha kulia, kilichobanwa chini ya kipoza cha prosesa,
nyuzi hamsini na tatu,
na hapo ndipo uongo unapoanza.

Bisibisi. Kioo nikakiegemeza ukutani, Somoe ajitazamie.
Kwa Mchopa sokoni, nusu mita ya wavu wa dirisha,
ule wa kuzuia mbu.
"Dirisha gani dogo hivi?"
"Dogo, ila lina joto."
Feni moja kuukuu nikaifunga kwa waya juu ya vijiti,
inayumba, inapiga kelele za cherehani.
Kasi nikaishusha: elfu tatu mia nne sitini na sita,
namba isiyo na sifa,
huwezi hata kumtambia nayo Fakihi.

Usiku ule niliacha mlango wazi.
Nyuzi arobaini na nne. Saa moja. Saa tatu.
Mama akapita na kikombe cha maji, akasimama.
"Ndizo hesabu hizo?"
"Makosa sifuri, mama," nikamwonyesha skrini.
Akaitazama kitambo.
"Na magunia yangu?"

Nikafungua jedwali.
Nikaandika saba.
Ikasoma saba.