Tundu la Antena

Godoro limelowa tena, upande wa miguu.
Eluned analinusa: si mbwa, ni mvua,
mvua ya Ffestiniog isiyojua Jumapili.

Mwezi wa pili huu analishuku dirisha.
Amelipaka gundi mara tatu, amelitukana kwa Kiwelisi,
na dirisha, maskini, halina hatia.

Leo kang'oa mbao za ubavuni, kang'oa sponji ya dari,
kanyunyiza poda ya mtoto kwenye bati lote,
kisha kalala chali, tochi mdomoni.
Nje, Macsen anaelekeza mpira wa maji juu ya paa.
"Bado?"
"Bado."
"Na sasa?"
"Nyamaza, mtoto."

Maana tone limekuja. Halikudondoka.
Limetambaa juu ya ubavu wa chuma,
likachora mstari mweusi katika poda,
likasita kwenye parafujo, likapinda,
likashuka nyuma ya kabati
likaenda kulala kitandani kama mwenye nyumba.

Anaurudi ule mstari kinyumenyume kwa kidole
hadi mbele kabisa, juu ya kiti cha dereva:
tundu la antena. Idwal alilitoboa mwenyewe
mwaka ule wa fainali, asikose raga akiwa mlimani,
akaliziba kwa chingamu.

Wahenga walitaja ufa. Hawakumjua Idwal.

Anakwangua kutu, anafuta kwa spiriti,
anaandaa silikoni. Ile chingamu, ngumu kama jino,
anaigeuzageuza: ina alama ya dole gumba.

"Nifunge maji, bibi?"

Anaitia mfukoni.
"Acha kidogo. Nataka kuhakikisha."